Masizi Aliyoyasugua Biubwa

Saa moja na nusu asubuhi, Biubwa Halidi anakung'uta chekeche lake la waya, anajifunga khanga kiunoni na kupiga magoti kando ya shimo dogo. Hatua hamsini kutoka hapo, malori yanapita polepole juu ya daraja jembamba la barabara kuu.

Daraja hilo litavunjwa, lijengwe jipya. Kabla mitambo haijaingia, wataalamu wa mambo ya kale wamepewa siku kumi na mbili kuangalia ardhini kuna nini. Leo ni siku ya kumi na moja.

"Bi Biubwa, leo umekuja na majivu?" anatania Hussen, kibarua kutoka Pangani, hapa hapa Kibaha.

"Chimba wewe! Mdomo wako ungekuwa jembe, tungeshafika kuzimu."

Wenzake wanacheka. Biubwa anatabasamu kidogo, kisha anainamisha uso. Utani huo bado unamchoma.

Ana miaka 54, mkulima wa mihogo kutoka Masaki, Kisarawe. Kwa miaka ishirini alifinyanga vyungu kama mama yake, mpaka sufuria na ndoo za plastiki zilipowachukua wateja wote. Aliposikia Kibaha wanatafutwa vibarua wa kuchekecha udongo, kwa shilingi elfu kumi na tano kwa siku, alikuja kufikia kwa mdogo wake, Maulida.

Siku ya tatu, karibu na mafiga ya mawe, walipata vigae vinane vya chungu cha kupikia, vyeusi tii. Wataalamu wakateremka mtoni kupima. Biubwa akaona haya kwa niaba ya mwenye chungu. Akachukua majivu na kumbi la nazi, akavisugua mpaka vikatakata.

"Mama alinifunza, chungu cha mwenzio hakionyeshwi wageni na masizi yake," anasema. "Nilidhani namsitiri."

Vailet Calist, kiongozi wa wataalamu, alivitazama kimoja kimoja. Kisha akamweleza taratibu kwamba masizi yale ndiyo yangepimwa maabara, ijulikane chungu kilipikiwa lini. Bila hayo, ripoti ingeandika "umri haujulikani", na mitambo ingefukia kila kitu.

"Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Mchana ule nilikula ugali kama nameza mchanga."

Asubuhi ya siku ya saba alimfuata Vailet.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnachimba mbele ya jiko. Mwanamke gani atatupa vigae mbele ya jiko, watoto wakatwe miguu? Jalala liko nyuma, kule kwenye mteremko."

Vailet aliangalia ramani, akaangalia mteremko. "Huko hatukupanga kuchimba," alisema. "Lakini twende."

Siku nne sasa, shimo la mteremkoni limetoa makombe ya konokono na miba ya samaki tu. Leo, saa nne kasorobo, chekeche linabakiza kigae kipana kama kiganja. Mdomo wake umepinda nje. Ndani umegandia ukoko mweusi.

Biubwa hakigusi. Anainua mikono yote miwili, kama mtu aliyesimamishwa na askari.

"Vailet! Njoo mwenyewe! Mimi sikishiki!"

Hussen anatupa jembe na kukimbilia chekeche. Vailet anakichukua kigae kwa kikoleo kidogo, anakifunga polepole. Halafu anamshika Biubwa bega. "Ukoko huu unatosha kupimwa, mama."

Majibu ya maabara yatachukua miezi. Vailet ameandika namba ya simu ya Biubwa kwa ajili ya uchimbaji mwingine, upande wa Kisarawe, masika yakiisha. Kazi anaitaka, ila simu anayoingojea zaidi ni ya majibu.

"Yule mama mwenye chungu nimemfutia vigae vinane," anasema, akijaza chekeche udongo mwingine. "Nataka nijue aliishi lini. Kisha nifinyange chungu chenye mdomo kama wa kile chake, nikiweke jikoni kwangu, nikipikie. Udongo Masaki bado upo."