Batri ilikufa kwa matanga ya mama, miye nikasema ni boîte

Ile gari ni miye niliiharibu. Hapana mukwe wetu, hapana barabara mbaya ya Bunia, hapana muchawi. Ni miye, na mudomo yangu, na kamba ya Fuso. Jina yangu sitaweka. Watu wa Nyakasanza, mutaa yetu ya Bunia, watakaosoma watanijua, na wanijue tu!

Sitaki mutu anionee huruma. Niko naandika juu ya sababu nimechoka kusikia watu wanahadisia ile habari kwa uongo yangu, ile niliyotunga miye mwenyewe.

Siye ni watu wa Mahagi, lakini Bunia ndio kwetu sasa. Miye ni mutu wa Fuso, nabeba mizigo. Dada yangu mudogo aliolewa na shofere moja, tumuite Faustin. Faustin alikuwa anaendesha patron moja, tajiri mununuzi wa zahabu. Ule patron alikuwa na jeep ya lux, nyeusi, ya kubonyeza kitufe tu inawaka, frein yake ya kuisimamisha ni ya umeme, vitesi, zile gia, inajibadilisha yenyewe. Patron akisafiri Kampala, anamuachia Faustin funguo: aiwashe kila asubuhi, aipanguse, basi. Na dada yangu na watoto walikuwa wanalala kwa annexe, nyuma ya nyumba ya patron. Kwa hiyo ile kazi haikukuwa kazi tu. Ilikuwa pia nyumba yao.

Na miye nilikuwa namuchukia Faustin. Bule tu! Hakunifanyia kitu. Alikuwa mupole, na miye mutu mupole namuonaka ni mujinga. Nilikuwa namuita "mukwe wa kupangusa vioo", na mbele ya watoto yake.

Basi, mama akakufa.

Kwetu, mama ya bibi akikufa, mukwe ndiye anatafuta taa na sono ya muziki ya matanga, watu wasilie mu giza. Ile wiki courant, ule umeme wa mutaa, haikukuwa kwa kartie yote. Faustin akaleta mufuko ya muchele na taa ndogo ya solaire. Nikamucheka mbele ya wajomba.

"Hii ndio mukwe? Mama amelala pale, weye unaleta taa ya kuangalia kuku?"

Wajomba wakacheka. Nikaona wamecheka, nikaongeza.

"Kule kwa patron uko unalinda gari yenye batri kubwa kuliko ya Fuso yangu. Ilete, tuunge sono!"

"Shemeji mukubwa, ile gari haiko yangu."

"Na huyu mama, naye haiko yako?"

Ayi! Ile neno! Dada yangu aliinamisha kichwa. Faustin akasimama, akaenda, akarudi na jeep. Akaisimamisha katikati ya mulango ya parcelle, ile kiwanja yetu, kwa sababu ndani kulikuwa kumejaa watu na viti.

Batri yake iko nyuma, chini ya coffre, pale pa kuweka mizigo. Ni miye nilifungua, ni miye niliunga nyaya, ni miye nilipandisha sauti ya sono. Watu wakaimba, wakacheza, wakanisifu: "Mutoto wa marehemu ni mwanaume!" Faustin alikuwa anakuja polepole kunisemea mu sikio.

"Shemeji, tuwashe moteur kidogo, batri ipumue."

"Unataka kumuvutisha mama moshi? Enda ukakae!"

Alirudi tena. Nikamufukuza tena. Kulipokuwa kunakaribia kucha, taa zikaanza kuwa manjano, sono ikaanza kukatikakatika katikati ya wimbo, kisha kimya. Nikakasirika, nikangoa nyaya, nikapiga coffre pa!

"Usifunge!" Faustin alipiga kelele. Nilikuwa nimekwisha kufunga.

Hamujui hizi gari. Ile coffre inafunguka kwa umeme, na umeme iko ndani ya coffre. Tulikuwa tumefungia dawa ndani ya nyumba ya mugonjwa.

Asubuhi ndio siku ya kuzika. Pikapu ya kubeba sanduku inakuja, haiwezi kuingia. Jeep imejaa mulango yote. Faustin akabonyeza télécommande: hakuna kitu. Akatoa kafunguo kadogo kanajificha ndani ya télécommande, akafungua mulango kwa mukono. Ndani giza. Hata taa moja haikuwaka. Levier ya vitesi imekamatana, haitoki fasi yake, na magurudumu yamefungwa na ile frein ya umeme.

Mujomba moja akauliza, "Si batri hiyo?"

Nilijua ni batri. Hata mutoto wa kunyonya angejua! Taa ilikufa mbele ya watu wote. Lakini angalieni shetani wangu: kama ni batri, basi nani aliimaliza? Ni miye na sono yangu. Batri ilikuwa na jina yangu. Nikahitaji ugonjwa ingine.

Nikalala chini ya gari na koti yangu ya kilio. Nikagongagonga na ufunguo wa nati, ko ko ko, nikatoka na uso wa daktari.

"Ni boîte," nikasema. "Boîte, ile sanduku ya gia, imekwama. Hizi gari za Ulaya boîte yao ni kama ya karatasi. Na huyu naye anaiendesha vibaya."

Watu wakamuangalia Faustin na macho mabaya. Na miye nikapata pumzi. Iko utamu ndani ya kusingizia mutu, siwadanganye.

Faustin alisema tu, "Tumubebe mama kwa mabega. Tupite pembeni. Gari ibaki vile."

"Mama yangu apite pembeni ya gari kama mufuko wa mihogo? Weye uko na akili?"

Nikaita vijana wasukume. Fuso batri ikikufa, tunasukumaka, inakohoa, inawaka, tunaenda. Ile jeep ilicheka siye. Vijana walisukuma mpaka jasho, haikusogea hata upana wa kidole. Nikaenda kuchukua Fuso yangu, nikafunga kamba.

Faustin akakuja mbio, akanishika mukono. Siku ile ndio mara ya kwanza alinigusa.

"Shemeji, tungoje. Kuna mutu anakuja."

"Mutu gani?"

Akaangalia wajomba, akashusha sauti. "Tungoje tu, shemeji. Nakuomba."

"Hapa ni kwa mama yangu! Hakuna mukwe atanipa amri hapa!"

Nikapanda Fuso. Nikavuta.

Magurudumu hayakuzunguka. Yalikokotwa, yanachora udongo kama jembe. Chini ya gari kukatoa sauti, kra! Kisha tena, kra! Nikakanyaga zaidi. Jeep ikapinda, ikakwangua nguzo ya mulango, ikatoka mpaka barabarani. Wajomba wakapiga makofi. Makofi, siku ya kuzika mama! Na miye nikashuka nimetanua kifua.

Tukaenda kuzika.

Tuliporudi kwa makaburi, patron alikuwa amesimama karibu na gari yake, ametoka kwa ndege, na mekanisie wake. Ule mekanisie hakugusa coffre. Alifungua capot ya mbele, akainua kifuniko cha plastiki, chini yake iko fasi ya kuungia umeme wa ile batri ya nyuma, akaunga nyaya kutoka gari ingine. Jeep ikawaka yote mara moja, taa, saa, redio, kama hakukuwa kitu. Batri! Batri tu!

Kisha akaingiza vitesi. Mama yangu! Chini kukalia kama mutu anakoroga mawe ndani ya sufuria, na mafuta ikaanza kumwagika kwa udongo.

Patron hakupiga kelele. Alizunguka gari, akaangalia ile mistari ya magurudumu, akauliza, "Nani alivuta hii gari?"

Wajomba wakaangalia viatu yao. Wale waliopiga makofi! Nikaona nimebaki pekee yangu, na mudomo ikaenda mbele ya moyo.

"Ni shofere yako. Miye nilimukataza."

Dada yangu akafungua mudomo. Faustin akamushika mukono asiseme. Kwetu mukwe hasimami kupinga wakwe siku ya udongo mubichi wa kaburi. Nilijua ile desturi vizuri. Nilijificha ndani yake kama mwizi ndani ya kanisa.

"Ni weye?" patron akamuuliza.

Faustin kimya.

"Faustin, nakuuliza mara ya mwisho. Nani alivuta?"

Kimya.

"Leta funguo."

Walitoka kwa annexe na magodoro kwa kichwa, watoto nyuma. Wakapata chumba kimoja Mudzipela, bati inavuja. Kazi ya ushofere Faustin hakupata tena, juu mapatron wanaongeaka kati yao, na miye pia nilisaidia: kila fasi nilipokunywa, nilihadisia vile mukwe wetu aliharibu gari ya mutu. Watu wanacheka, wananinunulia ingine. Akaenda Mongbwalu kuchimba zahabu.

Siku moja nilipeleka mizigo Mongbwalu. Nikamuona. Amesimama ndani ya maji ya matope mpaka kiuno, amekonda, anachekecha mchanga. Nikataka kupita. Akaniona.

"Shemeji mukubwa! Mumeamkaje kule?"

Akatoka kwa maji, akapangusa kiti na shati yake, akanikalisha. Akaniulizia watoto. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi! Matusi ningeyajibu, nayajua kuliko yeye. Lakini ile heshima ilinishinda. Nilirudi Bunia sijala.

Nikaenda kwa patron. Nikamuambia yote: sono, coffre, boîte ya uongo, kamba. Nilifikiri atashangaa.

Akaniangalia kama mutu anaangalia kitu imeoza.

"Ya matanga nilikuwa najua," akasema. "Faustin alinipigia simu alfajiri. Aliniambia, 'Patron, nilipeleka gari kwa matanga ya mama-mukwe bila ruhusa, na batri imekufa. Unisamehe.' Nikamusamehe. Mama ni mama. Nilimuambia, 'Iache pale pale, musiiguse, niko natuma mekanisie.'"

Kuna mutu anakuja! Tungoje! Alikuwa amekwisha kusamehewa, mnasikia? Kazi yake ilikuwa salama, nyumba salama. Alishusha sauti mbele ya wajomba ili nisipate haya kwamba amekwisha kuungama ile kosa yangu kwa jina yake.

"Sikumufukuza juu ya batri," patron akaendelea. "Nilimuuliza nani alivuta, akaninyamazia. Nikasema, shofere anayenificha kitu, sitaki. Kumbe alikuwa anakuficha weye! Toka kwangu. Toka!"

"Patron, basi umurudishe."

"Nimechukua mwingine, na ule mwingine ana watoto pia. Nimufukuze juu ya uongo yako? Toka kabla sijaita walinzi."

Nilienda moja kwa moja Mudzipela. Dada yangu alikuwa anapepeta maharagi. Nikapiga magoti, nikamuambia nimekwisha kusema kweli kwa patron. Hakuacha kupepeta.

"Yaya, weye mukubwa wangu, ulisema uongo mbele ya watu wote," akasema. "Kweli unaenda kuisema kwa mutu moja, ndani ya nyumba, mulango umefungwa?"

"Nisamehe."

"Miye bwana yangu iko ndani ya shimo. Siku udongo itamuangukia, nitakuja kukuambia kama nimekusamehe. Enda."

Na juzi ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya mama. Faustin alishuka kutoka Mongbwalu, akapanga kila kitu: turubai, viti, chakula, taa. Wajomba walewale walikuwa wanamuita "mwana wetu". Nilifika nimevaa vizuri, nikaenda mbele, fasi ya watoto ya marehemu. Binti mukubwa wa dada yangu akanizuia kwa adabu, na mikono miwili.

"Mujomba, mama amesema kiti yako iko kule."

Kule ilikuwa upande ya wageni. Na majirani, na watu wasiojulikana wanaokuja kula. Nikakaa. Padri alipoita watoto ya marehemu wasimame, dada yangu akasimama, na Faustin akasimama karibu naye. Miye nilibaki nimekaa. Na hakuna mutu hata moja aligeuka kuniangalia kama sijasimama.

Weye unayesoma, uko na mukwe mupole unamufanya kikaragosi ya familia, habari ya gari nitakuambia fupi: haitembei, usivute, uliza kwanza. Lakini ya ule mutu ndio nakuombea kwa machozi. Uliharibu? Useme ni weye, palepale, mbele ya walewale waliokupigia makofi, na mulango wazi! Ukingojea, utasema kweli yako yote siku moja, na hakutakuwa mutu wa kuihitaji.