Ukurasa wa Jirani

Pale masijala ya ardhi tunamwita Bi Vumbi, na jina lenyewe analipenda. Miaka thelathini na moja anafunua madaftari ya zamani, anapiga chafya, anawatukana mchwa kama watu wenye akili zao, kisha anaendelea. Sisi wengine jalada likitushinda tunasema "njoo kesho," yakaisha. Yeye harudishi mtu, na nakiri kwamba kwa hilo alikuwa akituudhi.

Jumatano moja akaja fundi cherehani, futi ya kupimia ingali shingoni, pamoja na baba yake mdogo. Baba mdogo alidai kiwanja anachoishi fundi kilikuwa cha babu, kwa hiyo kigawanywe kwa uzao wote wa babu, wa mke mkubwa na wa mke mdogo aliyemzaa yeye. Fundi alikataa: bibi yake, yule mke mkubwa, alikuwa mkunga, na alikinunua kwa jasho lake. Jumatatu baraza lingeamua. Bila karatasi, fundi angehama na cherehani yake.

"Marehemu baba aliniambia," alisema.

"Kuambiwa si kujua, mwanangu. Mimi baba yangu hakunificha kitu," baba mdogo akajibu.

Bi Vumbi akaleta daftari. Ukurasa wa kiwanja ulikuwa umeliwa na mchwa, imebaki namba tu. Fundi akakaa sakafuni, akalia. Nilimwonea huruma, lakini "njoo kesho" ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Unalilia nini?" Bi Vumbi akafoka. "Mtu usipomkuta kwake, si unamuulizia kwa jirani?"

Hiyo ndiyo siri ya kazi yake. Zamani kila kiwanja kiliandikwa pamoja na mipaka yake: nani yuko kulia, nani kushoto, nani nyuma, na wa mpakani wakatia sahihi. Mchwa wakila ukurasa mmoja, jina hubaki kwenye kurasa za majirani. Akafunua ukurasa wa muuza mkaa: umelowa, hausomeki. Wa mwashi: umechanika palepale panapotakiwa. Wa tatu, wa seremala, akausoma kwa sauti, kidole chini ya mstari:

"Nyuma: kiwanja cha mkunga, alichonunua mwenyewe. Mimi mumewe nashuhudia, sina changu hapo."

Chini yake ilikuwepo sahihi ya babu. Ulikuwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, herufi mojamoja.

Fundi akamkumbatia Bi Vumbi na vumbi lake lote. Bi Vumbi akamsukumia baba mdogo daftari. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Nilingoja matusi. Hayakuja. Mzee aliinama, akasoma tena, midomo ikicheza.

"Huyu ni baba? Kaandika yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Mzee akapitisha kidole juu ya sahihi. "Alifariki nina miaka minne," akasema. "Hakuniambia kitu. Hata mwandiko wake sikuwahi kuuona."

Bi Vumbi akaupangusa ukurasa vumbi kwa kiganja.

"Mama," mzee akasema, "naweza kupata nakala na mimi? Si ya baraza. Ya kukaa nayo tu."

Bi Vumbi akatoa mbili, akazigonga muhuri. Fundi akaikunja moja taratibu, akamtilia baba yake mdogo kwenye mfuko wa shati.

"Twende nyumbani, baba," akamwambia.