Fundi Magodoro Anayelala Chini

"Miaka ishirini sijakuona umelala kwenye kitanda hiki hadi kukakucha," mke alisema, akikung'uta mto mpaka sufi zikaruka. "Ningeolewa na mlinzi wa benki, ningekuwa na mume zaidi."

Hapo alitia chumvi. Fundi huondoka wiki sita tu kwa mwaka. Ila ukiongeza mwezi mzima wa kujiandaa, ambapo mwili uko nyumbani na akili imeshavuka mpaka, utamwelewa mama wa watu.

Kazi yake ni kushona magodoro, ya sufi na ya sponji, kwenye chumba cha mbele cha nyumba. Shule za bweni zikikaribia kufunguliwa, hana nafasi hata ya kujikuna. Zikishafunguliwa duka linapoa, mvua zinaanza, na kiti kinamwotea miiba. Anashika sindano, anaiweka. Anajaza upepo tairi zilizojaa. Anatoka kukagua mawingu kama vile yeye ndiye aliyeyaajiri.

Halafu anapanda baiskeli, huyo, nchi ya watu. Watalii huenda huko wakati wa jua. Yeye huenda wameshaondoka, kambi zimefungwa kwa minyororo. Anaendesha kutwa kwenye manyunyu, jioni anajipenyeza msituni, anapiga kihema bila ruhusa ya mtu, alfajiri anakunja na nyasi hazina habari. Pa kulala anapachagua kama anavyopima godoro dukani: anajilaza chali, anapitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kirahisi, ardhi ngumu, anahama. Siku moja alijilaza hivyo mara tano kwenye kiwanja kimoja, mchunga mbuzi akamkimbilia na maji akidhani ni kifafa.

Wateja nao wana maneno. "Fundi, mbona wewe hulali kwenye haya magodoro? Kuna kitu unakijua?" Anacheka nao tu. Kwenye godoro alilolishona mwenyewe anajigeuza kama samaki kikaangoni. Huko porini, jiwe ubavuni, analala kama mtoto aliyeshiba ziwa.

Basi asubuhi hiyo ya kukung'utwa mto, mzigo ulikuwa umeshafungwa.

"Umemaliza kunisema?" Fundi aliuliza.

"Sijaanza. Njoo uani."

Uani alimkuta shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, fundi baiskeli, ameshikilia baiskeli ya kike yenye mzigo nyuma.

"Mimi nimetumwa tu, shemeji," alisema kabla hajaulizwa.

Mke alikunja gauni, akapanda, akazunguka ua mara mbili. Akakwepa ndoo, akainamia kamba ya nguo, akasimama sawasawa.

"Nilijifunza mwaka jana ulipokuwa huko kwako. Pasi ya kusafiria ninayo. Twende wote, baba watoto. Sitaongea njiani kama hutaki."

"Hiyo usiahidi, dada," shemeji alisema.

Majibu ya "usiende" Fundi alikuwa nayo ya miaka ishirini. La "twende wote" hakuwa nalo hata moja.

"Mvua ya huko si mchezo."

"Na bati letu linavyovuja, utanitisha na mvua?"

"Hakuna choo."

"Nimezaa watoto wanne, halafu unanieleza habari za aibu."

Shemeji akaanza kukagua mnyororo usio na kasoro yoyote.

"Hema lenyewe la mtu mmoja."

"Ndiyo maana nimeshona la kwangu. Hiyo cherehani si yako peke yako."

Fundi alilitazama lile furushi la turubai. Mshono mzuri, hana pa kuukosoa. Kilichomtia wasiwasi kilikuwa kingine. Wakienda wote, halafu na kule akagaagaa mpaka asubuhi, si watajua wote wawili kwamba tatizo halijawahi kuwa godoro?

Mke naye alikuwa ameacha utani. Aliongea taratibu.

"Nakuuliza moja tu. Tukifika huko, hema langu nilipige mbali na lako, au karibu?"

Fundi alishika usukani wa baiskeli yake, akaisukuma hadi getini, akatoka. Hakuipanda. Aliikokota taratibu kandokando ya barabara, mkono mmoja kwenye kiti, ubavuni ameacha nafasi ya kutosha baiskeli nyingine, wala hakugeuka nyuma.

"Si nakuuliza wewe?" mke alisema kutoka getini.