Shamba la Ukutani

Juma lililopita, katika ukumbi wa parokia hapa Ifakara, dada mmoja kutoka Dar alitundika michoro ya kuuzwa ili wodi ya wazazi ipate vitanda. Watu walipita wakisema "nzuri, nzuri" bila kusimama. Dada alibaki anauma kucha.

Mama mmoja wa Mchombe akasimama mbele ya picha ya mpunga ulioiva, akapiga makofi kwa nguvu. "Shamba la nani hili? Ndege wote hawa, wa kuwaamia, awafukuze wasile mpunga, yuko wapi?"

Mimi nilikwisha kuisifu picha ile. Ndege sikuwa nimewaona.

Watu wakajaa, kila mmoja na lawama zake kwa mwenye shamba. Dada akashusha pumzi.

"Shikamoo mama. Umeipenda?"

"Marahaba. Nifungie. Kwangu wa kuamia wapo."