Ndoana Iliyobaki Mdomoni mwa Mzia

Ipo asubuhi moja ya pwani ya Ghubra, hapa Maskati, ambayo haijanitoka mpaka leo, mwanangu Mazin. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nimesimama baharini maji yako magotini, leso nimejifunga kiunoni, nnacheka peke yangu. Nitakuhadithia kilichonichekesha, kisha kilichonikatiza kicheko. Usiniharakishe. Wewe ndiye uliyekuja kuniuliza, na bibi yako akiulizwa jambo hulianza mbali.

Ijumaa iliyopita, baada ya chakula, ulinifungulia kisanduku chako cha nyambo hapa sebuleni kwangu Bawshar. Nikaona manyoya meupe na ya samawati yamefungwa kwenye ndoana kwa uzi safi, nikafurahi kuwa mkono wangu umerithiwa. Ukaniuliza, kwa mzia ni bora kufunga nini mbele ya ndoana, nailoni nene au waya? Jibu nilikuwa nalo, ila simu yako ililia, ukaitazama, ukaigeuza kifudifudi juu ya meza. Nilijua ni ya nani. Mama yako ameshanambia habari zote.

Basi turudi Ghubra. Wakati ule nyumba zilikuwa chache na pwani ilikuwa yetu. Mjomba Seif, kaka yake mama yangu, ndiye aliyetutunza tuliporudi kutoka Unguja, kwani baba alikuwa ameshafariki. Alikuwa na fimbo ndefu nyembamba ya kurushia manyoya, aliyoachiwa na jirani yake, mhandisi wa kigeni, alipokuwa anarudi kwao. Watu walimcheka. Walimwambia samaki wa Maskati wamezoea dagaa, yeye anawarushia manyoya ya kuku. Hakuwajali. Alinifundisha mimi kwa sababu wanawe hawakuwa na subira, na mikono yangu ilikwishazoea sindano na uzi kwa kushona kofia. Manyoya yake yote niliyafunga mimi, na nnasema hivi kwa kujisifu.

Mzia unamjua mwenyewe. Mrefu, mwembamba, mdomo umejaa meno, hutulia kimya halafu huja kwa kasi moja. Nailoni nyembamba huipitia kama haipo. Mjomba alikuwa na vitu viwili mfukoni, nailoni nene na waya mwembamba wa chuma, na kipande kimojawapo hukaa kati ya mshipi na ndoana, pale meno yanapofika. Waya haukatiki. Lakini waya unaonekana majini, na unyoya uliofungwa kwenye waya hauchezi vizuri, basi samaki wengine huja wakautazama wakageuka. Nailoni nene haionekani sana, unyoya huogelea kama dagaa hasa, na samaki huukamata mara kwa mara. Ubaya wake ni kwamba mzia mkubwa akishaipitisha menoni mara mbili tatu, inakatika. Mimi nilipenda kukamatiwa unyoya wangu, nikachagua nailoni.

Asubuhi ile mzia wa kwanza alinivuta mpaka nikayumba, kisha mshipi ukalegea mkononi. Nikafunga unyoya mwengine. Wa pili akafanya vilevile. Nikawa nacheka, namwambia Mjomba kuwa mie samaki wananigombania na yeye na waya wake hajapata hata wa kumsalimia. Yeye alirusha, akavuta, akarusha tena.

Kicheko kile, mwanangu, hakikuwa cha furaha. Nilikuwa nimeposwa. Wazee wa kijana mmoja walikuja kwetu, jina lake silitaji kwa sababu wajukuu zake mnasalimiana nao msikitini. Wakaleta posa, wazee wangu wakaridhia, tukala halua, tukanywa kahawa. Halafu kimya. Baridi ikapita, joto likaingia, tukafunga Ramadhani tukafungua, na hakuna aliyesema lolote. Mama akimuuliza mama yake wakikutana harusini, anaambiwa kijana bado anajipanga. Na mambo yetu unayajua, posa ikishakubaliwa hapana Muislamu mwengine atakayekuja kuposa juu yake. Nikawa si mchumba wa mtu na si msichana huru. Wenzangu wakiniuliza lini, nilikuwa nikitabasamu mpaka mashavu yananiuma, na nikirudi nyumbani nashindwa kula.

Mara fimbo ya Mjomba ikapinda. Alikwenda na samaki wake taratibu, akimpa nafasi na kumrejesha, mpaka wakafika mchangani. Alikuwa mzia mrefu sana. Lakini nilipomshika nilishangaa, mwili umekonda, kichwa ni kikubwa kuliko kiwiliwili. Mjomba akamfunua mdomo kwa koleo. Mbele kulikuwa na ndoana yetu na unyoya wangu mweupe. Ndani zaidi, pembeni mwa taya, kulikuwa na ndoana nyengine iliyoota kutu, na kipande cha nailoni kimening'inia. Nyama ilikuwa imevimba ikaizunguka, na mdomo haukuweza kufunga vizuri.

"Maskini," nikasema. "Huyu alimkimbia mtu."

Mjomba hakuinua uso. "Hakukimbia, mwanangu. Kaachwa. Na hao wako wawili unaodhani wamekwenda zao, hawakwenda zao. Kila mmoja kaondoka na kitu chako mdomoni, na kukitoa mwenyewe hawezi."

Nilikaa chini palepale kwenye mchanga uliorowa, nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele yake. Nilipopata pumzi nikamuuliza, "Na hii ya kwangu ataitoa nani, Mjomba?"

Hapo ndipo Mjomba aliponitazama usoni. Nadhani mpaka saa ile alidhani habari za posa ni mazungumzo ya mama na mashoga zake, hazimhusu mtu mzima mwenye kazi zake. Akazitoa ndoana zote mbili, ile ya kutu kwa taabu, akamshika yule mzia majini mpaka akapata nguvu akaondoka. Halafu akakunja mshipi wake bila hata kuusuuza kwa maji matamu, naye alikuwa mtu wa kugombana na wanawe kwa jambo hilo.

Alipofika nyumbani alikoga, akavaa kanzu safi na kilemba, akatafuta gari akaenda kwa wazee wa yule kijana. Hakugombana nao. Alikunywa kahawa yao, akauliza hali za watoto, kisha akamwambia baba mtu, "Nimekuja kuchukua jibu. Ndiyo ni jibu, na hapana ni jibu. Ila mie leo sitoki hapa mikono mitupu."

Kijana akaitwa. Akainamisha kichwa, akasema moyo wake haukuwa kwangu tangu mwanzo, na alikuwa akiogopa kuwavunjia wazee heshima. Alikuwa akitaraji tutachoka kungoja, tutajiondoa wenyewe. Mjomba akamshukuru kwa kusema kweli. Akarudi, akaja mpaka mlango wa jikoni nilipokuwa, akanambia kwa sauti ya chini, "Ni hapana, mwanangu."

Nililia mpaka alasiri. Niliona aibu, niliona hasira, nikaapa kwamba sitatoka tena nyumbani. Halafu nikasikia njaa. Mama alikuwa amepika wali na mchuzi wa papa, nikala sahani mbili huku kamasi zinanitoka, na mama ananitazama asijue acheke au alie. Nilikuwa nimeumia kweli, lakini kwa mara ya kwanza tangu posa ile niliona kuwa maumivu yangu yatakwisha.

Haukupita muda mrefu ikaja posa nyengine. Mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa serikali, mpole, mfupi, fimbo ya kuvulia hajui hata inashikwa upande gani. Baada ya ndoa ndipo aliponieleza kuwa alikuwa akinitaka siku nyingi, akasikia nimeshaposwa, akaona haramu hata kuuliza. Alikuwa akipita mtaani kwetu akienda kazini, anainamisha macho. Huyo ndiye babu yako, Mungu amrehemu. Kwa hiyo wewe, na mama yako, na ndugu zako wote wanaonimalizia halua yangu kila Ijumaa, mmepatikana kwa sababu Mjomba Seif alikwenda kuchukua hapana.

Sasa jibu lako. Funga waya. Siku hizi upo ule mwororo unaofungika kama uzi, na pesa ya kuununua unayo. Shibiri moja na nusu inatosha, ukizidisha unyoya utazama kama jiwe. Ufunge kwa kitanzi, usiubane na jicho la ndoana, ili unyoya upate kucheza. Kila ukitoa samaki upitishe vidoleni, na ukiona umejikunja mahali, utupe, usiwe bahili. Utakamatiwa mara chache kuliko wenzako wa nailoni. Wakikucheka, waache wacheke.

Jengine hukuniuliza, na nnakujibu vilevile. Yule binti wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, posa yako kwao imekubaliwa tangu kabla ya Ramadhani. Nimekusikia kwa masikio yangu ukimwambia mama yako kuwa bado unafikiria, huku unakula tende. Yule anayekupigia simu ukaigeuza kifudifudi ndiye mimi, Mazin. Ndiye mimi niliyekaa kwenye mchanga. Wewe si mtu mbaya, nimekulea nnakujua. Na yule kijana wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na woga wake niliubeba mimi.

Kama unamtaka, nenda kwa baba yake ukaweke siku. Kama humtaki, nenda kwa baba yake ukaseme hivyo, kwa mdomo wako, umekaa mbele yake, si kwa simu wala kwa kumtuma mama yako. Ataumia binti wa watu, atalia, kisha atasikia njaa. Na huenda sasa hivi yupo mtu anayepita mbele ya nyumba yao ameinamisha macho, anaona haramu kuuliza.

Fimbo yako usiitafute garini. Niliitoa Ijumaa ile ulipokuwa umelala, ipo chumbani kwangu nyuma ya kabati, na waya nimeshaifungia mwenyewe, ijapokuwa macho haya yamenitaabisha. Utaichukua ukitoka kwao, na mimi nitakutazama usoni nijue kama umesema.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mkweli na moyo wa kuukabili ukweli wako. Ampe yule binti kheri yake, iwe kwako au kwa mwengine, wala asimbakishie mtu yeyote kitu chako mdomoni. Haya, inuka mwanangu, vaa kanzu safi.