Jabez Ambaye Avril Hakumzika

Avril Stubley alikuwa mwanamke wa kunyamaza kwenye basi na kusema sana maktaba. Alipika chakula cha mchana katika shule ya msingi ya mji wao mdogo, huko Lincolnshire, mpaka magoti yalipogoma, akastaafu. Mumewe Clive alikufa kabla hawajazoea kushinda nyumbani pamoja. Hawakujaliwa watoto. Baba yake alikuwa mtoto wa pekee, mama yake vilevile, kwa hiyo Avril hakuwa hata na shangazi wa kugombana naye siku ya Krismasi.

Ndipo akaanza kutafuta jamaa zake kwa wafu.

Kila Alhamisi, chumba cha juu cha maktaba kilijaa watu wazima wanaofuatilia mababu. Palikuwa na mashine za kusomea picha za madaftari ya kanisa, birika la umeme, biskuti za tangawizi, na swali moja ambalo kila mgeni alilisikia kabla hajapewa hata kikombe: umemzika?

Maana yake ilikuwa hivi. Ukimkuta mtu kwenye daftari la ubatizo, usiwe na haraka ya kumpeleka mbele kwenye sensa, ukamwoza na kumpa wajukuu. Fungua kwanza daftari la mazishi, uhakikishe hakufa mdogo. Zamani zile watoto walikufa sana, na wazazi hawakuona vibaya kumpa mtoto anayefuata jina lile lile la marehemu. Ukiliruka daftari la mazishi, unaweza kujikuta umejenga ukoo mzima juu ya kitoto ambacho hakikuwahi kutembea.

Aliyewafundisha wageni jambo hilo alikuwa Avril mwenyewe, na hakuwa na huruma.

"Umemzika?"

"Bado, Bi Avril."

"Basi huna babu, una jina. Rudi ukamzike."

Yeye nasaba yake ilikuwa imekamilika, imechorwa kwa wino, imetundikwa ukutani juu ya meza ya kulia. Babu wa babu yake aliitwa Jabez Cutforth, kibarua wa mashambani. Kwenye sensa alisema amezaliwa kijiji cha Haxwell. Daftari la ubatizo la Haxwell lilikuwa na Jabez Cutforth, mtoto wa Reuben na Keziah, na mwaka ulilingana. Reuben alikuwa na mwana mwingine, Obadiah, na kutoka kwa Obadiah mstari ulishuka moja kwa moja hadi kwa Noreen Cutforth, mwanamke mzee aliyekuwa bado anaishi Haxwell, kwenye nyumba ya matofali iliyo mkabala na kanisa.

Avril alilipata jina la Noreen kwenye kitabu cha simu. Alipiga, akajieleza. Noreen akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Njoo basi. Naweka maji ya chai."

Tangu siku hiyo walikuwa binamu. Kila Jumapili Avril alimchukua Noreen kwa gari lake dogo, wakala nyama ya kuoka, wakabishana kuhusu viazi. Noreen alikuwa mkali na mwenye maneno, na aliuthamini ukoo wake kama wengine wanavyothamini mashamba. Kwake damu ndiyo ilikuwa kila kitu. Marehemu kaka yake aliwahi kuoa mjane mwenye kijana, Keith, akamlea Keith tangu akiwa na kaptura. Lakini siku ya kumzika huyo kaka, Noreen alisimama mlangoni pa kanisa akamwambia Keith akae nyuma na majirani, benchi la mbele ni la Cutforth. Kwenye benchi la mbele, kando yake, aliketi Avril.

Sasa Noreen alikuwa anangoja kufanyiwa operesheni ya nyonga. Kwenye karatasi ya hospitali, pale panapoulizwa ndugu wa karibu, alikuwa ameandika: Avril Stubley, binamu. Avril aliisoma karatasi ile mezani kwa Noreen, akaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Alhamisi moja kabla ya operesheni, maktaba ilipata mgeni, Desmond Pick, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa. Mikono yake ilikuwa minene na alikuwa na subira ya barabara ndefu. Avril akaamua kumfundishia kwa mfano wa Jabez wake, maana njia yake aliijua hata akiwa amefumba macho. Wakaanza na sensa, wakaenda kwenye ubatizo. Desmond akafurahi kama aliyetegua kitendawili.

"Na la mazishi nifungue?"

"Fungua, uzoeshe mkono. Hutamkuta humo."

Desmond akaanza kuzungusha utepe wa picha za daftari kwenye mashine polepole, akisoma majina kwa midomo. Avril akageuka kutafuta biskuti isiyovunjika.

"Bi Avril. Huyu si yule yule?"

Avril akainama. Maandishi ya kasisi yalikuwa mazuri, hayakuacha nafasi ya kujidanganya. Jabez, mtoto wa Reuben na Keziah Cutforth, wa Haxwell, umri miezi kumi na mmoja.

Gwen, kiongozi wa kikundi, akasogea na miwani yake. "Labda walizaa mwingine wakampa jina hilo hilo. Tazameni mbele."

Wakatazama. Baada ya Jabez alibatizwa Hannah. Baada ya Hannah, Selina, kisha Obadiah. Kisha, kwenye mazishi, Keziah mwenyewe. Jabez mwingine hakuwapo.

"Samahani," Desmond akasema. "Ningenyamaza?"

"Hapana. Umesoma vizuri."

"Ina maana hakuzikwa?" mtu mmoja akanong'ona upande wa birika.

"Alizikwa," Avril akasema. "Mimi ndiye sikwenda mazishini."

Njiani kurudi nyumbani alijua vizuri kwa nini hakulifungua daftari lile. Wiki ile ile aliyompata Reuben ndiyo aliyompata Noreen, na Noreen alikuwa ameshaweka maji ya chai. Mtu ukishapata mahali pa kula Jumapili, unarudi kwa wafu kutafuta nini?

Jabez wa kwake alikuwa mtu kweli, alioa, alizaa. Huenda mama yake alikuwa msichana wa kazi aliyejifungua peke yake, huenda aliletwa Haxwell akiwa mtoto akakulia hapo. Cutforth walikuwa wametapakaa vijiji vyote vya upande ule. Mpaka hapo alichoweza kuandika kwa haki ni jina la Jabez, na juu yake karatasi tupu.

Jumapili alimchukua Noreen kama kawaida. Walikula nyama, viazi na pudini za Yorkshire, vile vikate vya unga na mayai, zilizoumuka vizuri. Noreen alipoweka uma chini, Avril akamweleza yote, kuanzia utepe wa Desmond hadi Keziah. Hakulia wala hakujitetea.

Noreen akafuta midomo. "Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Ukangoja nishibe."

"Niliogopa hungekula."

"Ningekula. Nyama haina kosa." Akautazama ule ukoo uliotundikwa ukutani. "Sasa huyo wako katoka wapi? Kaanguka na mvua? Ni Cutforth, amesema Haxwell. Lazima awe wa kwetu kwa upande fulani. Andika ni mtoto wa mdogo wake Reuben, tumalize."

Mlango ulikuwa wazi, na Avril aliuona. Alichotakiwa kufanya ni kuitikia tu.

"Labda ni hivyo," akasema. "Lakini hiyo ni labda. Nimekaa na wewe miaka yote hii juu ya labda, Noreen. Sitakupa nyingine."

Noreen akaisukuma sahani yake pembeni. Saa ya ukutani ikasikika, na mchuzi ukaanza kuganda kwenye sahani.

"Kwenye mazishi ya kaka yangu," Noreen akasema hatimaye, "nilimrudisha Keith nyuma."

"Nakumbuka."

"Ukakaa wewe."

"Nikakaa mimi."

"Kijana aliyemlisha kaka yangu kwa kijiko miezi yake ya mwisho." Akajishikilia kwenye meza, akasimama kwa shida. "Nirudishe nyumbani."

Avril akamrudisha Haxwell. Noreen alishuka bila kusubiri kushikwa mkono, na mlango wa nyumba ukafungwa taratibu, jambo lililomuumiza Avril kuliko kama ungebamizwa.

Simu haikulia Jumatatu wala Jumanne. Asubuhi ya operesheni Avril alivaa koti akaenda Haxwell, kwa sababu alikuwa amesema atampeleka. Alikuta gari la fundi bomba limeegeshwa mbele ya geti, na Keith, mwanaume mzima mwenye mvi, ameegemea bodi.

"Alinipigia Jumapili jioni," Keith akasema. "Nilidhani kakosea namba. Nikamwambia hapa ni kwa Keith. Akasema, najua ni kwa nani, mimi si mjinga."

"Alisema nini kingine?"

"Aliniuliza kama bado natumia sukari kwenye chai. Ndiyo hivyo tu. Kwake hiyo ni hotuba."

Noreen akatoka na fimbo yake na begi dogo. Akamtazama Avril juu mpaka chini.

"Umefuata nini?"

"Nilisema nitakupeleka."

"Ananipeleka Keith. Ile karatasi nimeifuta, nimemwandika yeye."

"Ni haki yake."

"Sikukuuliza." Keith alimsaidia kupanda. Ilichukua muda, na wote walijifanya hawaoni jinsi ilivyomuuma. Alipokwisha kaa akashusha kioo. "Kesho mchana wanaruhusu watu kuja kutazama. Maua usilete, yanakufa tu. Lete kastadi. Ya pale wanaipika na maji."

Avril akasogea karibu na kioo. "Wakiniuliza mlangoni mimi ni nani wako?"

Noreen akafikiri.

"Waambie hujui bado. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Keith alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi, akawasha gari.

Kesho yake Avril alitoka maktaba mapema. Alikuwa amemwachia Desmond utepe wa parokia ya jirani, waanze upya kumtafuta Jabez, na kila watakayempata wamzike kwanza. Alipita nyumbani kuchukua bakuli la kastadi, akalifunga kwa taulo lisipoe.

Mlangoni pa wodi muuguzi kijana akamzuia. "Wewe ni ndugu wa nani, mama?"

"Nimemfuata Bi Cutforth. Si ndugu yake."

Muuguzi akalitazama bakuli. "Ndiyo kastadi hiyo?"

"Ndiyo."

"Basi pita. Amenisumbua tangu asubuhi kwamba ukija nisikuulize mambo mengi. Kitanda cha dirishani."