Nukta Nyekundu Chini ya Chupa

Mpwa wangu tulimwita Kurunzi tangu utotoni, kwa ukali wa macho yake. Kayarithi kwangu, msinibishie. Shule niliiacha darasa la sita kwa kuwa mwalimu aliishiwa cha kunifundisha, ila macho yangu hayajawahi kuhitaji cheti.

Kurunzi alikuwa mkaguzi wa chupa kiwanda cha soda. Unakaa kwenye kiti kirefu mbele ya taa nyeupe, chupa zinapita kwenye mkanda, unatoa yenye uchafu. Basi. Mwanzoni unaziona. Baadaye macho yapo wazi, mwenyewe umeshajiendea zako.

"Hata wewe ungepotea, mjomba."

"Mimi? Mimi naangalia ukuta kutwa nzima!"

"Tunakuona. Si ndiyo kazi yako?"

Mdomo huo kautoa kwa mama yake, dada yangu, ambaye miguu imemlaza kitandani miaka sasa. Wote wawili tulikula kwa jasho la Kurunzi, na mimi, sijisifu, nakula kama wawili.

Msimamizi naye alikuwa na mtego wake. Kila zamu alipenyeza chupa moja yenye nukta nyekundu chini. Ukiikosa, onyo. Kurunzi alishapata maonyo mawili. La tatu ni geti.

Basi akaacha kutafuta uchafu, akawinda nukta. Akili ikapata cha kukimbiza, ikatulia. Kila zamu aliikamata, mpaka msimamizi akampigia makofi mbele ya wenzake. Nikajitamba mtaa mzima: "Damu yangu hiyo!"

Ndipo mteja akaletewa soda yenye mende, mzima, na masharubu yake. Kamera ya kiwandani ikaonyesha chupa ikimpitia Kurunzi usoni, naye kaitolea macho.

"Ulikuwa unaangalia nini?" msimamizi akafoka.

"Nukta, bosi. Haikuwa na nukta."

Akatolewa getini siku hiyohiyo. Kwingine alikoomba, habari za mende zilikuwa zimemtangulia.

Jana dada alikuwa anamweleza mguu unavyomchoma usiku. Kurunzi kamkazia macho, anaitikia kwa kichwa.

"Nimesema mguu gani?" dada akauliza.

Kurunzi akaendelea kuitikia kwa kichwa.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo, mama."

Mimi ninayechekesha watu hadi msibani, nikageukia ukuta wangu. Chakula hatukupika. Kurunzi akavuta kigoda, akakaa kando yangu, akaukodolea ukuta. Hata kazi yangu kaichukua, na hii nayo haina mshahara.